Kigoma hadi Guangzhou kwa miguu inayovimba: uchambuzi wa kisa cha tiketi moja

Usuli

Mhusika wa kisa hiki ni mama wa miaka sitini na kitu, mfanyabiashara wa vyombo vya jikoni na vitenge mjini Kigoma. Sehemu kubwa ya mauzo yake haiishii hapa mjini, inapita Ziwa Tanganyika kwenda Uvira, Kalemie na Bujumbura. Nitamwita Mama tu, kama tunavyomwita sote tukiingia dukani kwake. Mwaka wa safari, majina na mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa, na mwenyewe ameridhia kisa chake kifundishie wengine. Mimi ni wakala wa tiketi hapa mjini. Nilikaa na familia hiyo tangu siku ya kwanza ya mjadala mpaka tiketi ilipokatwa, na waliporudi nilikaa nao tena.

Mama ana presha na anameza dawa kila siku. Goti lake la kulia limechakaa. Hajawahi kugandiwa na damu miguuni, wala hana tatizo la moyo linalojulikana. Anatembea mwenyewe bila mkongojo, ila ngazi humtesa. Anazungumza Kiswahili, Kiha na Kifaransa cha biashara. Kiingereza chake ni cha bei na idadi.

Alikuwa ameshakwenda Guangzhou mara moja, na safari hiyo ndiyo iliyozaa mjadala wote. Alitoka Kigoma kwa basi, akafika Dar es Salaam amechoka, na usiku uleule akapanda ndege kwa tiketi ya bei ya chini kabisa iliyopatikana. Barabarani alijizuia kunywa maji, kwa sababu basi liliposimama watu wachimbe dawa, goti halikumruhusu kuchuchumaa porini. Kwenye ndege alikalishwa dirishani. Abiria wawili waliokuwa kati yake na njia walilala mapema, akaona haya kuwaamsha, akakaa hivyo hivyo mpaka asubuhi. Alifika China viatu haviingii mguuni, na siku mbili za kwanza zikaishia kitandani hotelini.

Kwa mtu wa likizo, siku mbili ni usumbufu tu. Kwa Mama zilikuwa hasara ya wazi. Maonesho ya biashara ya Canton hufanyika Guangzhou mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, na kila msimu una awamu tatu za siku tano tano. Vyombo vya nyumbani huwa katika awamu ya pili, ambayo kwa Oktoba ni tarehe 23 hadi 27. Ukilala siku mbili umebakiwa na tatu, na ukumbi ule hauzungukiki kwa siku tatu kwa mtu mwenye goti bovu.

Alipotangaza kwamba anakwenda tena, watoto wake walikuja na kauli moja: safari hii Mama alale kwenye ndege. Wakagawanyika kuhusu namna ya kulifanikisha hilo.

Mapendekezo matatu

Binti mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, alitaka daraja la biashara kwenda na kurudi kwa Qatar Airways kupitia Doha. Alikuwa ameona picha za Qsuite, vile vyumba vidogo vyenye mlango ambavyo shirika hilo lilianza kuvitumia mwaka 2017, viti vikiwa vimepangwa 1-2-1 ili kila abiria afike njiani bila kumruka jirani. Alikuwa na hoja nzuri nyingine pia: mashirika ya Ghuba huandaa chakula chote kwa taratibu za halali, na Doha inaikata safari karibu katikati, kama saa sita kutoka Dar na kama saa nane hadi Guangzhou. Kikwazo kilikuwa bei. Kwa tarehe zile nauli ya daraja la biashara ilizidi mara tatu ile ya kawaida. Isitoshe, Qsuite haimo katika kila ndege ya shirika hilo, kwa hiyo anayelipa kwa ajili ya picha lazima kwanza ajue ni ndege gani imepangwa siku yake.

Kijana wake anayefuatana naye kwenye biashara alikuwa na hesabu tofauti. Kwenye simu yake alipata tiketi mbili za daraja la kawaida kwa bei ya kuvutia, moja ya Dar hadi Dubai, nyingine ya Dubai hadi Guangzhou, kila moja imekatwa peke yake. Hili nililipinga waziwazi. Tiketi zikitengana, mara nyingi mzigo hautumwi moja kwa moja. Abiria anauchukua Dubai, anapita uhamiaji, anaukabidhi upya, na Mtanzania anayepita uhamiaji pale anahitaji viza ya Falme za Kiarabu. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wowote kwake. Anahesabiwa kuwa hakutokea, na tiketi inaweza kupotea yote.

Mama mwenyewe alitaka Air Tanzania, inayokwenda Guangzhou moja kwa moja kutoka Dar kwa Boeing 787-8 yenye viti 262, 22 kati yake vya daraja la biashara. Sababu yake ilikuwa na uzito kuliko wanawe walivyoichukulia. "Mwanangu, nikiugua huko juu, nitajieleza kwa lugha gani?" Wahudumu wanaosema Kiswahili, na hakuna kubadilisha ndege usiku ugenini. Kwa msafiri wa umri wake hayo ni mambo ya usalama kabisa. Tatizo lilikuwa kalenda. Ndege hiyo hairuki kila siku, na siku zake za juma lile zilimtaka Mama ama afike mapema mno, akae hotelini msimu wa maonesho bei zikiwa juu, ama afike maonesho yameanza. Kama tarehe zingekubali, ningeipendekeza bila kusita, na kwa wengi wanaotoka Kigoma ndiyo ya kwanza kuuliziwa.

Swali lililogeuza mjadala

Familia ilikuwa inabishana kuhusu ndege tu. Nilimuuliza Mama: safari ile ya kwanza, miguu ilianza kuvimba wapi?

Akafikiri kidogo, akasema, "Tulipofika Manyoni nilikuwa nimeshalegeza kamba za viatu."

Manyoni. Yaani kabla ya Dodoma, kabla ya Dar, kabla hajaiona ndege. Reli ya kati peke yake, kutoka Dar hadi Kigoma, ina karibu kilomita 1,250, na barabara nayo haina ufupi. Mwili wa Mama ulikuwa umeshakaa kitako muda mrefu kuliko safari nzima ya angani, kisha ukapandishwa ndege usiku uleule. Watoto walikuwa wamejipanga kulipa mamilioni kutibu sehemu ya pili ya safari, na ile ya kwanza hakuna aliyeigusa.

Hili linaungwa mkono na utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007. Ulionesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya miguu huongezeka karibu mara mbili kwa safari ya kukaa kitako zaidi ya saa nne, iwe ni kwa ndege, gari, basi au treni. Hatari yenyewe bado ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000 kwa safari za namna hiyo, lakini hupanda kwa wenye umri mkubwa, unene, upasuaji wa karibuni au historia ya kugandiwa. Kilicho muhimu kwa kisa chetu ni kwamba hatari inatokana na kukaa bila kusogea. Jina la daraja lililoandikwa kwenye tiketi halimlindi mtu. Anayelala fofofo kwenye kitanda cha daraja la biashara bila kuinuka naye hajasogea, na anayekaa dirishani huinuka mara chache kuliko anayekaa kando ya njia.

Kabla ya kukata chochote nilimwomba Mama amwone daktari wake. Daktari alipitia dawa zake za presha na kumweleza kwamba amlodipine, mojawapo ya anazotumia, kwa baadhi ya watu huvimbisha vifundo vya miguu hata wakiwa nyumbani. Mabadiliko ya dawa ni kazi ya daktari na hayo sitayaeleza. Jambo la kuzingatia ni kwamba sehemu ya uvimbe ule pengine haikuwa na uhusiano na siti yoyote. Daktari pia alimwandikia soksi za kubana, zilizopimwa kwa mguu wake, na kumsisitizia kunywa maji.

Maamuzi na sababu zake

*Kwanza, Kigoma hadi Dar.* Tuliamua Mama na kijana waende kwa ndege, wafike Dar siku mbili kabla ya safari ya kimataifa, walale kwa binti mkubwa. Tiketi ya ndani ilikuwa tofauti na ile ya kimataifa, kwa hiyo hakukuwa na ulinzi wa kuunganisha, na Oktoba mvua huanza upande huu wa nchi. Siku mbili zilikuwa kinga dhidi ya ucheleweshaji na mapumziko kwa wakati mmoja. Gharama ya tiketi hizo mbili za ndani ilikuwa sehemu ndogo sana ya ile nyongeza ya daraja la biashara.

*Pili, siti ya njiani.* Hili nililiweka kama sharti: siti ya Mama iwe kando ya njia, ithibitishwe siku ya kukata tiketi na iandikwe kwenye bukingi, isiachwe mpaka kaunta ya uwanjani. Kijana alitaka amkatie siti ya mlango wa dharura kwa sababu ya nafasi ya miguu. Haiwezekani. Anayekaa pale lazima awe na uwezo wa kusaidia kufungua mlango na kuwahi kutoka, na mtu mwenye goti kama lake huondolewa. Za mbele kabisa ukutani nazo tulizikataa. Zina nafasi, lakini mkoba haukai miguuni wakati wa kuruka na kutua, na sehemu za kuegemeza mikono huwa hazinyanyuki, jambo linalomsumbua mtu mwenye mwili.

*Tatu, shirika.* Tulichagua Ethiopian kupitia Addis Ababa, tiketi moja kutoka Dar hadi Guangzhou, mzigo ukienda moja kwa moja. Wengi huchagua shirika kwa sifa. Mimi namshauri mtu atazame umbo la safari. Doha na Dubai zinaigawa njia hii vipande viwili vinavyokaribiana, na Addis inaigawa vipande visivyolingana, karibu saa tatu kisha kama saa kumi. Kama mtu anakaa daraja la kawaida, mgawanyo sawa ni rafiki wa miguu, kwa sababu anashuka katikati na kutembea. Kama analipia kitanda, kipande kimoja kirefu cha usiku ndicho kinachorudisha pesa yake, maana katika kipande cha saa sita au nane, ukitoa chakula, kupaa na kutua, usingizi unaobaki ni kidogo. Na kipande kifupi cha Dar hadi Addis, hata ukiwa daraja la biashara, kwa kawaida ni ndege ndogo ya 737 ambayo viti vyake vya mbele ni vipana na vinaegemea nyuma, lakini havilali vikawa kitanda.

Ndege iliyopangwa kwa kipande kirefu ilikuwa Airbus A350. Ndege hii, kama 787, hushikilia hewa ya ndani kama ya mahali palipo mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, wakati nyingi za zamani hufika hali ya mita 2,400. Kwa mwenye presha na umri wa Mama tofauti hiyo ina maana: kichwa hakiumi sana.

Hapo pana jambo ambalo watu wa Kigoma wanapaswa kulijua. Ziwa letu liko mita 770 na kidogo, na Bole, uwanja wa ndege wa Addis, uko juu ya mita 2,300. Abiria anayepita Addis anavuta hewa nyepesi zaidi anapotembea uwanjani kuliko anapokuwa amekaa ndani ya A350 angani. Kukimbilia geti pale, na mkoba begani, ndipo mahali pagumu kwa moyo katika safari yote. Kwa hiyo tukakataa kuunganisha kwa haraka, tukachukua pengo la saa kadhaa, na nikapendekeza kiti cha magurudumu.

Mama akakataa. "Watu wataniona kiwete, na mimi nilikuja kwa miguu yangu." Hakuna aliyemlazimisha. Nilimweleza kwamba huduma hiyo haina malipo, kwamba huombwa mapema, angalau siku mbili kabla, na kwamba ina viwango vyake: WCHR ni ya anayeweza kupanda ngazi lakini umbali unamshinda, WCHS ni ya asiyeweza ngazi, WCHC ni ya asiyetembea kabisa. Aliposikia kwamba yake ni ile ya kwanza, na kwamba ataingia ndani ya ndege kwa miguu yake, akakubali kwa Addis na Guangzhou. Dar akakataa, kwa sababu pale angeweza kukutana na watu wa nyumbani. Tukamheshimu.

*Nne, daraja.* Hapa ndipo familia ilipokaa muda mrefu zaidi. Hoja iliyoshinda ni ya kijana, yule aliyekuwa mbishi wa gharama. Alisema pesa ya kitanda inapaswa kununua siku za kazi. Kwenda, Mama anatua na kesho yake anaingia ukumbini, tena saa ya China iko mbele ya yetu kwa saa tano. Kurudi, anatua na kwenda kulala kwa bintiye. Basi tukakata daraja la biashara kwenda tu, kurudi daraja la kawaida. Nyongeza ikashuka karibu nusu. Kijana angekaa daraja la kawaida pande zote mbili. Daraja la katikati, ambalo baadhi ya mashirika ya Ulaya na Emirates wanalo, halikuwepo kwenye ndege tuliyoichagua. Kama lingekuwepo, pengine mjadala ungeishia hapo.

*Tano, chakula.* Tukaomba mlo wa Kiislamu, unaoandikwa MOML kwenye bukingi, kwa vipande vyote vinne. Ni jambo la dakika moja, na husahauliwa sana.

Yaliyotokea

Siku ya kutoka Kigoma mawingu yalishuka na mvua ikapiga, ndege haikuruka mpaka kesho yake. Kama wangepanga kufika Dar siku ileile ya kuruka, hapo ndipo safari ingekufa. Kwa ratiba hii walipoteza usiku mmoja wa mapumziko, wakabakiwa na mmoja.

Addis mhudumu wa kiti cha magurudumu aliwapokea mlangoni na kuwapitisha ukaguzi, kisha akamwacha Mama kwenye eneo la kusubiri la wanaohitaji msaada. Kijana akaambiwa asubiri naye. Walikaa. Kama kijana asingemwinua kila baada ya muda na kutembea naye polepole ukutani, kiti kile kilichokuja kumpumzisha goti kingekuwa kimeendeleza kukaa kulekule tulikokuwa tunakukimbia.

Kisha wakapanda, na wakatenganishwa. Mama akaelekea mbele, kijana nyuma.

Hakuna kati yetu, si watoto, si mimi, aliyekuwa amekaa na Mama kumwonesha namna kiti kile kinavyolazwa. Vitufe viko ubavuni, vina michoro midogo. Mama alikaa wima muda mrefu, taa zimezimwa, wenzake wote wamelala, yeye akidhani mhudumu atakuja kumtandikia. Kuita aliona haya. Ni mhudumu mmoja, alipopita na kumkuta macho, aliyemlazia kiti kwa mikono yake na kumfunika. Kutoka hapo alilala vizuri mpaka kifungua kinywa. Nilipomsikia akisimulia hilo niliumia, kwa sababu theluthi nzima ya usiku uliolipiwa kwa pesa ya vitenge ilipita mtu amekaa kitako.

Walitua Guangzhou alasiri. Kwa maagizo ya daktari hakulala mchana, alitembea kidogo nje ya hoteli, akala, akalala giza lilipoingia. Kesho yake maonesho yakafunguliwa naye akiwemo. Vifundo vilikuwa vimevimba kidogo, viatu viliingia. Alifanya kazi siku zote tano, mchana akipumzika.

Kurudi ndiko kulikoshangaza familia. Siti ya njiani, soksi za kubana, maji, kuinuka kila alipoamka, na kijana pembeni yake wa kuzungumza naye. Alifika Dar amechoka lakini anatembea, na uvimbe haukuzidi ule wa kwenda.

Mkwamo wa kurudi ulikuwa wa mzigo. Kwenda, tiketi ya Mama ilimruhusu mabegi mawili ya kilo 32 kila moja. Kurudi, kwa daraja la kawaida, mawili ya kilo 23. Huko China walinunua sampuli wakifuata hesabu ya kwenda, na kwenye kaunta ya Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, ikabidi wafungue mabegi sakafuni, watoe sufuria na mabakuli, walipie eksesi kwa sehemu na nyingine wamwachie mtu wa mizigo apakie kwenye kontena. Kilo 18 zilizopungua zimeandikwa kwenye tiketi yenyewe, mstari wa kila ndege una uzito wake. Hakuna aliyeurudia mstari wa kurudi.

Uchambuzi

Je, kitanda kilistahili pesa yake? Ningependa kutoa jibu la mkato, lakini kisa hiki hakiruhusu, kwa sababu mambo mengi yalibadilika pamoja. Kati ya safari ya kwanza na ya pili Mama aliacha basi, alilala Dar, alipitiwa dawa, alivaa soksi, alikunywa maji, alikaa njiani, na ndipo akalazwa. Ushahidi wenye nguvu ni wa safari ya kurudi. Hapo hakukuwa na kitanda, mambo mengine yote yalikuwepo, na miguu ilikuwa katika hali ileile. Kwa miguu, basi, sioni kwamba daraja la biashara liliongeza chochote cha kuonekana.

Kwa kichwa na nguvu za kazi ni habari nyingine. Mtu aliyelala usiku na kutua alasiri anaingia kwenye saa ya China kwa urahisi zaidi. Mama mwenyewe anasema kwamba siku ya kwanza ya ukumbi alikuwa na akili ya kubishana bei, na kwa mfanyabiashara hilo linahesabika. Kwa hiyo uamuzi wa kulipia upande wa kwenda tu naona ulikuwa sahihi, na ungekuwa sahihi maradufu kama usiku wote ungetumika. Kitanda cha daraja la biashara hununuliwa pamoja na maarifa ya kukitumia. Video fupi ya kiti cha ndege ile, ikioneshwa sebuleni Kigoma kabla ya safari, ingerudisha saa zile bila gharama. Na pale ambapo mzee anayesafiri hana lugha ya wahudumu, kumtenga mbele na msaidizi wake nyuma ni uamuzi wa kufikiriwa upya. Msaidizi haruhusiwi kuingia daraja la mbele apendavyo, na hofu aliyoieleza Mama tangu mwanzo, ya lugha, ilikuwa na haki ya kupewa uzito zaidi ya ilioupata.

Kuhusu shirika, kilichosaidia ni kuangalia tiketi moja, urefu wa vipande na aina ya ndege. Sifa za jumla zisingetufikisha pale. Abiria mwenye goti angetazama pia mpangilio wa viti vya daraja la biashara. Penye 1-2-1 kila mtu ana njia. Penye 2-2-2 wa dirishani anamruka mwenzake aliyelala. Na katika baadhi ya ndege za 777 bado kuna 2-3-2, ambapo kuna mtu wa katikati hata huko mbele. Kulipa mara tatu na kukaa katikati ni jambo linalotokea kwa watu wasiouliza.

Siku mbili za Dar ndizo zilizookoa safari, na ndizo zilizokuwa rahisi kuliko vyote. Watu wa Kigoma na Tabora wanaokwenda Asia nawaona kila msimu wakibana hapo, wakitafuta ndege ya ndani au basi linalofika asubuhi ya siku ya kuruka, kwa sababu gesti ya Dar inaonekana kama pesa inayotupwa. Wenye ndugu Dar hawana hata sababu hiyo.

Kiti cha magurudumu kilifanya kazi kwa umbali na kwa mwinuko wa Addis, kikashindwa kwenye kusubiri. Tiba yake ni msaidizi aliyeelezwa mapema kwamba kazi yake haiishi mhudumu anapokuja. Kwa asiye na msaidizi ningechagua pengo fupi kidogo zaidi, lakini si la kukimbizana.

Mzigo ni tatizo linalojitokeza karibu kila mara daraja la kwenda likitofautiana na la kurudi, na mfanyabiashara ndiye linalomuuma zaidi kwa sababu anakwenda mikono mitupu na kurudi amejaa. Kwa uzito peke yake, Mama angenufaika zaidi kama daraja la biashara lingekuwa la kurudi. Familia ilichagua mwili wa kwenda badala ya begi la kurudi, na nikiwauliza leo wanasema wangechagua hivyohivyo, ila sampuli zingepakiwa kwenye kontena tangu siku ya kwanza.

Hali ilivyo sasa

Mama anataka kwenda Aprili. Kijana ana mtihani wa chuo wiki hizo na huenda asifuatane naye, na hilo limefungua upya karibu kila kitu. Bila msaidizi, hoja ya Mama ya lugha inapanda juu ya zote, na tumeanza kwa kuangalia siku za ndege ya moja kwa moja kutoka Dar kabla ya kuchagua awamu ya maonesho, ingawa mara ya kwanza tulianza na awamu. Binti mkubwa amejitolea kumpeleka mwenyewe kupitia Doha, wote wawili daraja la kawaida, siti mbili za pamoja, Mama upande wa njia. Hesabu ya njia hizo mbili iko mezani kwangu, nasubiri daktari amwone tena kwanza.